Mgonjwa wa Akili Naye Ana Mwili

Kipindi cha afya. Nakala ya kusomwa kwenye vikundi vya wasikilizaji.

(Muziki wa kufungua. Unashuka polepole.)

MTANGAZAJI:

Kama wewe ndiwe unayesomea wenzako nakala hii kikundini, soma taratibu, na mtu akiwa na swali mwache aulize papo hapo.

Leo tunaongea juu ya jambo ambalo wengi wetu tunalisema kwa sauti ndogo. Ni habari ya ndugu zetu waliolazwa katika hospitali ya akili, na magonjwa ya kuambukiza yanayoweza kuwapata wakiwa wodini: kifua kikuu, upele, kuhara, homa ya mapafu, na virusi vya UKIMWI. Pengine nyumbani kwako hakuna mgonjwa wa namna hiyo. Hata hivyo kaa nasi. Vita, njia tuliyopita na maisha ya kambini vimegusa akili za watu wengi, na hakuna familia inayoweza kusema kwa hakika kwamba haitafika siku moja kwenye mlango wa wodi hiyo.

Nianze na neno moja ili lisitusumbue huko mbele. Ugonjwa wa akili hauambukizi. Hauambukizi kwa mate, kwa sahani, kwa kitanda wala kwa kushikana mikono. Kifafa nacho hakiambukizi. Najua tulivyokua tukiambiwa kwamba mtu akianguka kifafa usimguse, kwa sababu povu lake litakuingia. Kwa ajili ya maneno hayo watoto wameungua jikoni huku watu wazima wakisimama na kutazama. Povu lile ni mate tu. Mtoe karibu na moto, mlaze ubavu, mwekee kitu laini chini ya kichwa, usimtie kitu mdomoni, na ukae naye mpaka azinduke.

Sasa angalia tunavyofanya. Mtu akitoka hospitali ya akili, tunamtengea kikombe chake kwa kuogopa wazimu, na wazimu hauambukizi. Lakini akiwa anakohoa wiki ya tatu, tunasema ni baridi, tunalala naye chumba kimoja, dirisha limefungwa. Kikohozi hicho ndicho kinaweza kuambukiza. Tunaogopa kisichopita kwa mtu mwingine, na kinachopita tunakiacha kipite.

(Muziki mfupi.)

Wengi wenu mmesikia jina la Butabika. Ni Hospitali ya Taifa ya Rufaa ya magonjwa ya akili hapa Uganda. Iko upande wa mashariki wa Kampala, karibu na Luzira, si mbali na ziwa. Ilianza mwaka 1955. Watu wanatumwa huko kutoka nchi nzima, wenyeji na wakimbizi pia.

Butabika ilipangiwa vitanda karibu 550. Lakini kwa miaka mingi hesabu ya wagonjwa imekuwa ikipita hapo, na mara nyingi imepita 800. Fanya hesabu mwenyewe. Kama vitanda ni 550 na watu ni 800, watu 250 wanalala wapi? Godoro linawekwa chini, katikati ya vitanda viwili, na nafasi ya kupumua inapungua.

Wewe uliyepita kituo cha mapokezi unajua jambo hili bila kufundishwa. Kumbuka Nyakabande, kule Kisoro, mwaka 2022, watu walipokimbia Bunagana na Rutshuru. Kumbuka mahema, foleni ya maji na foleni ya choo. Mtoto mmoja akianza kuhara, asubuhi ya pili ni watoto watano. Na ninyi wa Kyangwali mnakumbuka mwanzo wa mwaka 2018, ndugu zetu wa Ituri walipovuka Ziwa Albert kwa mitumbwi. Kipindupindu kiliwapata watu zaidi ya 2,000 katika wilaya ya Hoima, na zaidi ya 40 walikufa. Watu hao walikuwa na akili timamu. Waliugua kwa sababu walikuwa wamechoka, walisongamana, na maji safi hayakutosha.

Wodi ya akili iliyojaa inafuata sheria hiyohiyo. Mdudu wa kifua kikuu anasafiri kwa hewa mtu anapokohoa. Akikuta chumba chenye madirisha wazi, upepo unamtawanya. Akikuta chumba kilichofungwa, anabaki hewani kwa saa nyingi. Na katika wodi za akili madirisha na milango hufungwa mara nyingi, kwa sababu wahudumu wanaogopa mgonjwa atatoroka au atajiumiza. Kinachomlinda kwa upande mmoja kinamhatarisha kwa upande mwingine.

Usifikiri ni shida ya Afrika peke yake. Mwezi wa pili mwaka 2020, Korona ilipoanza kuenea, iliingia katika hospitali moja ya Korea Kusini inayoitwa Daenam, katika wilaya ya Cheongdo. Humo kulikuwa na wodi ya akili yenye wagonjwa zaidi ya 100. Karibu wote waliambukizwa. Mtu wa kwanza kufa kwa Korona katika nchi ile nzima alikuwa mgonjwa wa wodi hiyo, mtu aliyekaa hospitalini zaidi ya miaka 20. Korea Kusini ina mashine na pesa, lakini wagonjwa wale walikuwa pamoja katika vyumba vilivyofungwa, na walikuwa wamesahauliwa.

Kwa hiyo sababu ya kwanza ni msongamano. Sababu ya pili ni mwili wenyewe. Mtu anayefika hospitali ya akili mara nyingi amekaa siku nyingi bila kula vizuri na bila kulala. Wengine wametembea barabarani bila viatu. Wengine walifungwa kamba nyumbani au mahali pa maombi kabla ya kuletwa. Kamba inakata ngozi, kidonda kinaingia uchafu, na kidonda kichafu kinaweza kuleta pepopunda. Mtu wa namna hiyo anaingia wodini akiwa tayari hana nguvu ya kupigana na ugonjwa.

Dawa nazo zina mambo yake. Dawa za kutuliza zinasaidia sana, usizidharau. Lakini zikimlemea mtu akawa na usingizi mzito, anaweza kumeza vibaya, chakula kikaingia njia ya hewa, na mapafu yakaugua. Kwa hiyo ukimlisha ndugu yako, mkalishe wima, mpe kidogokidogo, na kama anasinzia ngoja kwanza aamke vizuri.

(Muziki mfupi.)

Sababu ya tatu ndiyo inayoniuma zaidi. Mgonjwa wa akili akisema anaumwa mwilini, hasikilizwi.

Nina jirani kambini, dada mmoja, jina lake silitaji. Kaka yake alilazwa katika hospitali fulani, nayo pia siitaji. Kila siku kaka huyo alikuwa akisema, "Kuna moto kifuani mwangu." Alisema hivyo kwa wauguzi, kwa wagonjwa wenzake na kwa ndugu zake. Kila mmoja aliitikia tu na kupita, kwa sababu ni mtu yuleyule aliyekuwa akisema kwamba redio inamtaja jina. Siku moja dada yake alipomtembelea aliona suruali imefungwa kwa uzi, kwa sababu ilikuwa inamvuka kiunoni. Akamshika mkono, akaona umebaki mfupa. Hakugombana na mtu. Alimwendea muuguzi akamwambia, "Dada, sisemi habari ya akili yake leo. Naomba apimwe kifua." Makohozi yalipopimwa, ilikuwa kifua kikuu. Alikunywa dawa miezi 6. Bado ana siku zake ngumu za akili, lakini kifua kimepona, na mwezi uliopita nilimkuta anapanga nyanya kwenye meza ya dada yake sokoni.

Moto ulikuwepo kweli. Aliuita kwa jina lake mwenyewe, na kwa sababu ya jina hilo watu hawakusikia.

Madaktari wanaijua hatari hiyo. Ugonjwa wa akili unakuwa kama kivuli kikubwa, na ugonjwa wa mwili unakaa ndani ya kivuli hicho bila kuonekana. Ndiyo maana mgonjwa wa akili anamhitaji mtu wa kusema kwa ajili ya mwili wake. Muuguzi mmoja wa usiku mwenye wagonjwa wengi wa kuangalia hawezi kujua kwamba ndugu yako zamani alikuwa mnene. Wewe unajua.

(Muziki mfupi.)

Tuseme sasa juu ya virusi vya UKIMWI, na naomba tuseme bila kumcheka mtu. Mwaka 2013 watafiti walitoa matokeo ya uchunguzi uliofanyika Butabika. Walipima wagonjwa 602 wenye magonjwa makubwa ya akili. Kati ya kila wagonjwa 100, karibu 11 walikuwa na virusi. Kwa wanawake walikuwa karibu 14 kati ya 100, na kwa wanaume karibu 7. Miaka hiyo, kati ya watu wazima wote wa Uganda, walikuwa karibu 7 kati ya 100. Yaani mzigo mkubwa uko kwa wanawake.

Kwa nini? Fikiri juu ya mwanamke aliyechanganyikiwa, anayetembea usiku Kampala au pembeni ya kambi. Ni nani anayemlinda? Kuna wanaume wanaomtumia kwa sababu wanajua akisema hataaminiwa. Huko ni kubaka, na mwenye kufanya hivyo ni mhalifu. Wakati mwingine pia njia ni ya kinyume: virusi vinaingia kwanza, vikaachwa bila dawa, vikafika kwenye ubongo na kuleta kuchanganyikiwa. Kaswende iliyokaa miaka bila kutibiwa inaweza kufanya hivyohivyo. Kwa hiyo damu ya mgonjwa wa akili ipimwe kama damu ya mtu mwingine yeyote, kwa heshima na kwa siri ileile. Na kama alibakwa, kimbilia kituo cha afya kabla ya saa 72 kupita. Ipo dawa ya kuzuia virusi, na inafanya kazi vizuri ikianza mapema.

Kuna jambo lingine ambalo kila mzazi anayenisikia alishike. Si kila kuchanganyikiwa ni ugonjwa wa akili. Malaria ikipanda kichwani inaweza kumfanya mtu mzima aongee ovyo, apige watu na asimjue mama yake. Homa ya uti wa mgongo inafanya hivyo. Homa ya matumbo inaweza kufanya hivyo. Kwa mzee, hata homa ya mapafu au maambukizi ya njia ya mkojo yanaweza kumbadilisha kwa siku moja. Ukimwona mtu aliyekuwa mzima jana, leo amechanganyikiwa na mwili ni wa moto, au shingo imekakamaa, au ameanza degedege, usimpeleke kwanza kwenye maombi wala kwa mganga wa kienyeji. Usimfunge kamba. Mkimbize kituo cha afya apimwe malaria na mengine, saa hiyohiyo. Maombi yanaweza kufanyika njiani. Malaria ya kichwa haikusubiri umalize kufunga siku tatu.

(Muziki mfupi.)

Sasa tufike kwenye kazi. Wewe ufanye nini?

Kwanza, kabla ya kwenda Kampala. Si kila mgonjwa anahitaji kufika Butabika. Anza na kituo cha afya cha hapo kambini, ambako mkimbizi anatibiwa pamoja na mwenyeji. Hospitali za rufaa za mikoa, kama Mbarara, Fort Portal, Hoima na Arua, zina vitengo vya akili. Mgonjwa akitibiwa karibu na nyumbani, ndugu wanaweza kumwona mara kwa mara, na Butabika inabaki na nafasi kwa wale waliozidiwa. Uganda ilipitisha Sheria ya Afya ya Akili mwaka 2018, ikaiondoa ile ya zamani ya wakati wa ukoloni, na moja ya mambo inayotaka ni matunzo ya akili yapatikane hata kwenye vituo vya chini. Una haki ya kuyaulizia.

Pili, siku ya kulazwa. Mwambie muuguzi habari za mwili, hata kama hakukuuliza. Je, anakohoa? Kwa muda gani? Aliwahi kutibiwa kifua kikuu? Nyumbani kuna mtu anayekunywa dawa za kifua kikuu? Ana kidonda? Anawashwa? Anakunywa dawa za virusi? Na omba apimwe uzito siku hiyohiyo, namba iandikwe. Namba hiyo itakusaidia baadaye. Mtu akipungua kilo 5 kwa mwezi, hakuna atakayesema ni maneno ya mgonjwa.

Beba dawa zote anazokunywa na karatasi zake zote, kwa sababu dawa zinaweza kugombana tumboni. Rifampisini, dawa moja ya kifua kikuu, inaweza kupunguza nguvu ya dawa kadhaa za akili, na mtu akarudi kuchanganyikiwa ingawa anameza vidonge kila siku. Karbamazepini, inayotolewa kwa kifafa na kwa akili, inaweza kupunguza nguvu ya dolutegraviri, dawa inayotumika sana sasa kwa virusi. Daktari akijua, anapanga upya vipimo vya dawa. Asipojua, hawezi kupanga. Usimwachishe ndugu yako dawa yoyote kwa kichwa chako mwenyewe. Kazi yako ni kuzionyesha zote.

Kuna mbili nyingine za kuangalia. Mtu anayekunywa lithiamu akipata kuhara au kutapika, maji yakamwishia mwilini, dawa hiyo inaweza kugeuka sumu: mikono inatetemeka sana, anapepesuka, ulimi unakuwa mzito. Hiyo ni dharura. Na anayekunywa klozapini akipata homa na koo kuuma, apimwe damu upesi, kwa sababu mara chache dawa hiyo inapunguza askari wa mwili wanaopigana na magonjwa.

Tatu, unapomtembelea. Uliza kwanza siku na saa za kuona wagonjwa, ili usipoteze nauli. Peleka sabuni ya kawaida, taulo lake, nguo za ndani na kandambili. Usipeleke wembe wala dawa ya mikono yenye spiriti, kwa sababu wodini kuna mtu anaweza kuinywa au kujiumiza. Kama wagonjwa wananyolewa, uliza kwa upole kama kila mmoja ana wembe wake, kwa sababu wembe wa pamoja unaweza kupeleka virusi vya UKIMWI na homa ya ini. Wewe mwenyewe ukiwa na kikohozi au unahara, ahirisha safari. Wodi ile haina nafasi ya ugonjwa wako.

Ukifika, mwangalie kama mama anavyoangalia mtoto mchanga. Tazama katikati ya vidole, kwenye viganja na kiunoni kama kuna vipele vinavyowasha zaidi usiku. Tazama nywele na mishono ya nguo kama kuna chawa. Sikiliza kikohozi. Uliza anapata choo namna gani. Kikohozi cha wiki 2 au zaidi, jasho la usiku, homa isiyoisha na mwili kupungua, hayo ni mambo ya kumwambia muuguzi siku hiyohiyo. Kipimo cha makohozi na dawa za kifua kikuu ni bure katika vituo vya serikali.

Ongea na wahudumu kwa heshima. Wauguzi ni wachache, wagonjwa ni wengi, na wao wenyewe wanavuta hewa ileile. Lakini heshima haina maana ya kunyamaza. Sema maneno mafupi: "Amepungua. Anakohoa tangu tarehe hii. Naomba apimwe." Usipojibiwa, uliza msimamizi wa wodi ni nani. Bado usipojibiwa, liambie shirika lililompeleka, au piga namba ya bure ya malalamiko iliyobandikwa kwenye mbao za matangazo kambini. Kama lugha ni shida, omba mtu wa kutafsiri. Mgonjwa anayesema Kiswahili, Kinyabwisha au Kilendu tu katika wodi ya Kiingereza na Kiganda amefungiwa mara mbili.

Nne, anaporudi nyumbani. Usimwogope. Kumbuka tulichosema: akili haiambukizi. Mpokee, mpe chakula, mpe mahali pa kulala. Nguo na blanketi zake zifue kwa maji ya moto, uzianike juani. Zisizofulika zifunge ndani ya mfuko wa plastiki siku 3 au zaidi, kwa sababu mdudu wa upele hadumu mbali na ngozi ya mtu. Akipewa dawa ya kupaka ya upele, wote mnaolala naye mpakae usiku uleule, hata yule asiyewashwa, la sivyo mtakuwa mnarudishiana. Kama anatibiwa kifua kikuu, anywe dawa mpaka mwisho, miezi 6 kwa kawaida. Akisahau, wewe usisahau. Mwombe VHT wa kijiji chenu asaidie kukumbusha. Madirisha yawe wazi. Na ninyi mliolala naye mkapimwe.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi wakimbizi tumezoea kuficha. Tumeficha pesa kwenye pindo la nguo, tumeficha watoto vichakani, na tulifanya vizuri, ndiyo maana tuko hai. Lakini mgonjwa wa akili tukimficha nyuma ya nyumba, au tukimpeleka hospitali na kuona kwamba tumemaliza naye, tunamwacha peke yake na kila mdudu anayepita. Hawezi kuhesabu wiki za kikohozi chake. Sisi tunaweza.

Kama una ndugu Butabika au kwenye wodi nyingine ya akili wakati huu, nakuomba wiki hii ufanye moja tu: mtembelee, na kama huna nauli, piga simu hospitalini au mtume mtu aliye Kampala. Ukisha kuuliza akili yake ikoje, uliza tena: mwili wake ukoje? Anakula? Anakohoa? Ana kilo ngapi?



(Muziki wa kufunga.)

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Hapa kwetu watu wanasema nini juu ya kugusa mtu mwenye kifafa au kula naye? Baada ya kipindi hiki, tutawaambia nini watoto wetu?

2. Mtu akichanganyikiwa ghafla na ana homa usiku, ni nani hapa kijijini mwenye usafiri wa kumfikisha kituo cha afya? Taja jina lake na mahali anapokaa, ili kila mmoja ajue.

3. Je, kuna familia kati yetu iliyo na mgonjwa katika hospitali ya mbali? Tunaweza kuisaidia namna gani kwa nauli, kwa sabuni, au kwa mtu wa kwenda kumwona?

4. Katika nyumba zetu, ni nani anayekohoa kwa wiki 2 au zaidi? Nani atamsindikiza kesho kwenda kupimwa?